Mstari Mweusi: Karata na Madirisha ya Vioo vya Rangi

Karata nzuri haipitishi mwanga. Ukitaka kuijaribu, inua moja juani, uitazame kwa mgongo. Ukiona kivuli cha alama za upande wa pili, itupe, maana wewe unayoyaona na aliyekaa mbele yako anayaona. Wacheza karata wa barazani wanalijua hili bila kufundishwa. Ndiyo maana karata za viwandani hazitengenezwi kwa karatasi moja nene: hubandikwa karatasi mbili, na katikati yake hupita gundi iliyotiwa weusi. Gundi hiyo haionekani, haisifiwi, haina nakshi. Kazi yake ni moja tu, kuuzuia mwanga.

Dirisha la vioo vya rangi limekaa upande wa pili kabisa. Litazame usiku ukiwa ndani ya kanisa, utaona ukuta mweusi wenye mishono. Jua likichomoza ndipo linapopata uhai, na uhai wenyewe hautulii. Aliyewahi kuamkia nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja yenye vioo vyekundu na vya buluu juu ya milango ya roshani anaujua mchezo huo: doa la rangi huanza ukutani, likashuka sakafuni, likapanda mguu wa kitanda, na kufikia adhuhuri halipo tena.

Sasa wabunifu wa karata wa leo wamelikimbilia dirisha. Kwenye maduka ya mtandaoni ya wakusanyaji wa karata utakuta pakiti zilizochorwa kana kwamba kila karata ni kipande cha kanisa. Miongoni mwa karata za Bicycle, chapa ya Marekani iliyoanza mwaka 1885, ipo pakiti iitwayo Stained Glass Phoenix, na mwenzake Stained Glass Leviathan: ndege wa moto na dude la baharini, wote wamekatwakatwa vipande vya rangi na kushikwa kwa mistari myeusi. Wapo wanaoona ni urembo wa kupita, kama leso ya msimu. Mimi naona jambo la zamani zaidi. Karata na dirisha walilelewa na mafundi wa aina moja, kwa kanuni moja ya kuchora, kisha mwanga ukawatenga.

Kanuni yenyewe ni mstari. Fundi wa kioo wa Ulaya ya kale hakuanza na rangi. Mtawa aliyejiita Theophilus, aliyeandika kitabu cha ufundi mwanzoni mwa karne ya 12, ameeleza hatua kwa hatua: fundi hupaka meza chokaa, huchora juu yake picha nzima kwa ukubwa wa dirisha, hutia alama ya rangi ya kila sehemu, kisha huweka vipande vya kioo juu ya mchoro na kuvipasua kwa chuma cha moto vifuate mstari. Baada ya kuchora sura na mikunjo ya nguo kwa wino wa unga wa kioo na kuuchoma tanurini, vipande vyote huunganishwa kwa kanda za risasi na kulehemiwa. Risasi ndiyo inayoshika dirisha lisianguke, na risasi hiyo hiyo ndiyo kalamu. Fundi hodari huipitisha shingoni, kwenye ukingo wa joho, kwenye kiwiko, mahali ambapo jicho lilikuwa linatarajia mstari. Fundi mbovu huipitisha katikati ya shavu, na mtakatifu akaonekana kama mtu aliyeshonwa hospitali.

Risasi ina faida nyingine isiyosemwa sana. Kioo chekundu kando ya kioo cha buluu, bila kitu cheusi kati yao, rangi zake humwagikiana machoni ukivitazama kwa mbali. Mstari mweusi huzuia ugomvi huo. Ndiyo siri ya Chartres, ambako baada ya moto wa mwaka 1194 kanisa lilijengwa upya na kujazwa madirisha ambayo mengi yapo hadi leo. Ndiyo siri ya Sainte-Chapelle ya Paris, iliyowekwa wakfu mwaka 1248, yenye madirisha 15 na matukio 1,113 ya maandiko. Vipande vya huko juu ni vidogo, na bado rangi zake zinatambulikana.

Karata ilipoingia Ulaya, katika miaka ya 1370, haikuwa na habari ya hayo yote. Ilitoka kwa Waislamu. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul, imehifadhiwa pakiti ya karata za Wamamluki wa Misri ambayo mtaalamu L. A. Mayer aliigundua mwaka 1931. Aina zake ni nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Hazina sura ya mtu hata moja. Mfalme na wasaidizi wake wametajwa kwa maandishi tu, juu ya nakshi za dhahabu na buluu: malik, kisha naib malik, kisha naib wa pili. Naib huyo ndiye naibu wetu wa ofisini. Wahispania walilichukua neno lake, na hadi leo karata kwao ni naipes.

Hapa Mswahili ana haki ya kusimama kidogo, kwa sababu sisi bado tunazitaja karata hizo za Misri bila kujua. Kopa ni neno la Kireno, copas, vikombe. Shupaza ni espadas, panga. Uru ni ouros, dhahabu. Pao ni paus, magongo. Karata yenyewe ni cartas, na turufu ni trunfo. Mtu anashika karata yenye moyo mwekundu anaiita kikombe, anashika yenye jani jeusi anaiita upanga, na hakuna anayeshangaa. Picha ni za Kifaransa, majina ni ya Kireno, na mambo yanayotajwa ni ya Kimamluki. (Wareno walilipeleka neno cartas hadi Japani, ambako likawa karuta, na kampuni ya Nintendo ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za huko.) Kamusi za zamani za Kiswahili zinaziita karata zenye sura za watu wazungu: mzungu wa pili, mzungu wa tatu, mzungu wa nne. Sijui jina linaloweza kuwafaa zaidi, kwani sura za watu kweli ziliongezwa huko Uzunguni.

Ziliongezwa na nani? Na watu waliokuwa tayari wanajua kuchora wafalme. Katika miji ya bonde la Rhine, mchora picha na fundi wa kioo hawakuwa wageni kila mmoja kwa mwenzake. Pale Basel walikuwa wanachama wa chama kimoja cha mafundi, Zunft zum Himmel. Wakubwa waliagiza karata zilizopakwa rangi kwa mkono, kila moja kama picha ya kutundika. Pakiti ya Stuttgart ya kama mwaka 1430 ni ya namna hiyo, pamoja na ile ya duara dufu ya miaka ya 1470 yenye kamba na vifaa vya uwindaji, ambayo sasa iko New York kwenye jumba la Cloisters. Ni nzuri mno, na hazikuwa karata za mtu wa kawaida.

Karata za watu zilitoka kwenye ubao. Fundi alichonga mistari juu ya mti, akaupaka wino mweusi, akagandamiza karatasi. Hapo alipata mifupa ya picha: ukingo wa taji, ndevu, mkono ulioshika fimbo, vyote vyeusi na vitupu ndani. Kisha alichukua kiolezo kilichotobolewa, kimoja kwa kila rangi, akakiweka juu na kupitisha brashi. Nyekundu, njano, buluu, basi. Hakuna kivuli, hakuna rangi inayofifia polepole kuwa nyingine. Ni mstari mweusi na rangi bapa ndani yake, kanuni ile ile ya meza ya Theophilus, ila risasi imegeuka wino na kioo kimegeuka karatasi.

Tofauti inaonekana ukizikaribia. Kwenye karata hizi kiolezo kiliteleza mara kwa mara. Wekundu wa joho umevuka ukingo ukamwagikia begani kwa jirani. Njano ya taji imeelea hewani, nywele zimebaki nyeupe. Kwenye dirisha kosa hilo haliwezekani, kwa sababu risasi ni ukuta. Kwenye karata mstari ni ombi tu. Binafsi nazipenda zaidi zile zilizokosewa, maana zinaonyesha haraka ya mkono wa kibarua aliyekuwa na mamia ya kurasa mbele yake. Nyingi ya hizo zimetufikia kwa bahati: karatasi zilizoharibika ziligandishwa ndani ya majalada ya vitabu kuyapa ugumu, zikalala humo karne kadhaa mpaka wahifadhi wa maktaba walipoyafungua.

Biashara ilikuwa kubwa kiasi cha kuleta kelele. Mwaka 1441 serikali ya Venice ilipiga marufuku kuingiza karata na picha zilizochapwa kutoka nje, baada ya mafundi wa mjini kulalamika kwamba kazi yao inakufa.

Kama mtu anataka ushahidi kwamba dirisha na karata vilichota kisima kimoja, aende Lüneburg, kaskazini mwa Ujerumani. Katika chumba cha mahakama cha ukumbi wa mji kuna madirisha ya mwanzoni mwa karne ya 15 yanayoonyesha mashujaa tisa, kundi lililopendwa sana baada ya shairi moja la Kifaransa la kama mwaka 1312 kuwaorodhesha: wapagani watatu, Wayahudi watatu, Wakristo watatu. Wamo Alexander, Julius Caesar, Hector, Daudi na Charlemagne, kila mmoja amesimama na ngao yake. Sasa fungua pakiti ya karata za Kifaransa. Mfalme wa kopa ni Charles, yaani Charlemagne. Wa shupaza ni Daudi. Wa uru ni Caesar. Wa pao ni Alexander. Na Hector ndiye ghulamu wa uru. Wale wale waliosimama dirishani juu ya vichwa vya mahakimu wakawa wanapigwa juu ya meza za vilabu vya pombe.

Wafaransa walifanya jambo jingine kama mwaka 1480 lililoamua historia ya karata. Waliacha vikombe na panga, wakaacha pia kengele na majani ya Wajerumani, wakachagua maumbo manne ya rangi moja moja: moyo, mkuki, jani la sehemu tatu na kigae. Maumbo haya hayahitaji kuchongwa. Kiolezo peke yake kinatosha. Karata ikawa rahisi, na urahisi ukaishinda Ulaya. Kigae hicho, uru yetu, Wafaransa wanakiita carreau. Neno hilo lina maana ya kigae cha sakafuni, na pia ni kipande cha kioo cha dirisha. Ukivunja kioo cha dirisha Paris, umevunja carreau. Hivyo mbunifu wa leo anayejaza karata ya uru vioo vya rangi anafanya kile ambacho neno lilikuwa linamngojea afanye.

Karne zilizofuata si za kusimulia kwa urefu. Mfano wa karata za Rouen, mji wa Ufaransa, ulivuka bahari ukaenda Uingereza, na huko ukanakiliwa na watu walionakili nakala za nakala. Mfalme wa kopa alikuwa ameshika shoka. Kichwa cha shoka kikaanguka mahali fulani njiani, na leo anaonekana anajichoma upanga kichwani. Anayejua madirisha ya kale atacheka, kwa sababu ndivyo yalivyo mengi yao: kioo kilipovunjika, fundi wa baadaye alipachika kipande chochote kilichokuwepo stoo, mradi kienee, na mtakatifu akabaki na kipande cha mbawa ya malaika mahali pa goti. Serikali ya huko nayo ilizidi kuifunga sura ya karata. Ushuru ulikuwa juu ya ree ya shupaza, iliyochapwa na ofisi ya stempu yenyewe, na kuighushi kulikuwa na adhabu ya kifo. Richard Harding alinyongwa kwa kosa hilo mwaka 1805. Ushuru wenyewe haukufutwa hadi 1960.

Mgongo wa karata, kwa upande mwingine, ulikuwa wazi. Kwa muda mrefu uliachwa mweupe, na weupe ni msaliti: alama ya kidole, tone la chai, kona iliyochafuka, na mchezaji mwenye macho anakujua mkono mzima. Thomas de la Rue, mzaliwa wa Guernsey, alipata hataza ya kuchapa karata kwa rangi mwaka 1831, na tangu hapo mgongo ukawa shamba la nakshi. Aliyelilima kuliko wote ni Owen Jones, msanifu majengo aliyeanza kufanya kazi na kampuni hiyo katika miaka ya 1840. Jones ni yule wa The Grammar of Ornament ya mwaka 1856, kitabu kikubwa cha nakshi za dunia, na ndani yake zimo kurasa za nakshi za vioo vya makanisa zilizonakiliwa kipande kwa kipande. Mtu yule yule aliyezipima rangi za madirisha ndiye aliyekuwa anachora migongo ya karata. Hapo, kwa mara ya kwanza, ukaribu wa karata na dirisha unakuwa na jina la mtu.

Lakini kama ningeruhusiwa kutembelea nyumba moja tu katika historia hii, ningeenda Vienna, mwaka 1906. Bwana wa nyumba ni Koloman Moser, mmoja wa waanzilishi wa Wiener Werkstätte, karakana ya sanaa iliyoanza 1903. Anachora madirisha ya kanisa la Steinhof, jengo jeupe lenye kuba la dhahabu ambalo Otto Wagner analijenga juu ya kilima kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Bibi wa nyumba ni Editha, anayeitwa Ditha, binti wa familia tajiri ya Mautner Markhof. Wameoana mwaka uliopita. Yeye anachora karata: mwaka 1905 pakiti ya whist, mwaka 1906 pakiti ya tarock, mchezo ambao Waaustria huuchezea karata 54.

Madirisha ya Moser yamepanga watakatifu mstari mmoja, wamesimama wima, nguo zao zimekuwa vipande tulivu vya rangi, na mbawa za malaika juu yao zimetandazwa kama mkeka uliosukwa kwa hesabu. Upande mmoja ni watakatifu wa huruma ya mwili, wa pili wa huruma ya roho. Karata za Ditha nazo zina watu waliosimama wima kama wanasesere wa mbao, wenye mistari ya rula, miraba, na rangi chache zisizochanganyika. Sisemi mmoja alimwiga mwenzake. Nasema tu kwamba ukitoka Steinhof ukaiona pakiti ile, unatambua ni nyumba moja iliyokula chungu kimoja. Ndoa hiyo ilikuwa na gharama yake: Moser alihama Ukatoliki ili amwoe Ditha, ambaye alikuwa Mprotestanti, na jambo hilo lilichangia kumnyima kazi ya picha ya madhabahu ya kanisa lile lile. Kanisa lilifunguliwa Oktoba 1907. Mwaka huo huo Moser aliachana na Wiener Werkstätte, baada ya mfadhili wake kumwendea Ditha kimyakimya kumwomba fedha. Madirisha yapo mahali pake hadi leo; karata nazo huchapwa upya kwa wakusanyaji.

Miaka kumi baadaye Uholanzi, Theo van Doesburg alichora watu wanaocheza karata, kisha akaendelea kuwapunguza mpaka wakabaki miraba na mistari, picha aliyoiita Komposisheni IX ya mwaka 1917. Wakati huo huo alikuwa anatengeneza madirisha ya vioo. Kwake mchezaji wa karata na dirisha vilikuwa tatizo moja la kuchora.

Turudi kwenye pakiti za leo. Tangu jukwaa la Kickstarter lianze mwaka 2009, mbunifu mmoja mwenye kompyuta anaweza kukusanya fedha kwa wanunuzi kabla ya kuchapa, na hapo ndipo mitindo ya kila namna ilipofunguka, dirisha likiwa mmojawapo. Mgongo ndio unaolipokea vizuri zaidi. Sheria ya mgongo ni kwamba karata ikigeuzwa juu chini isitambulike, na dirisha la waridi, lile duara la petali za mawe juu ya mlango wa kanisa, tayari liko hivyo: ligeuze utakavyo, halina juu wala chini. Waridi la kaskazini la Chartres lina upana wa mita 10 hivi. Likishushwa kwenye karata ya milimita 63 kwa 88, mbunifu lazima afute petali nyingi, la sivyo mistari itajaa kama chujio la chai.

Uso ni mgumu zaidi, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Wakiogopa kuacha nafasi tupu, wanapasua kila kitu vipande: moyo vipande, mandhari vipande, hata pambizo. Jicho la mchezaji, ambalo linataka kujua kwa nukta moja kama hii ni saba au nane, linapotea msituni. Wabunifu wenye busara huacha alama ziwe nzima, kioo kimoja kwa kila alama, na mistari ya risasi wanaipa nyuso za wafalme tu. Wapo pia wanaobandika jaribosi ili karata ing'ae. Inang'aa kweli, lakini ni mng'ao wa kikombe cha harusi, mwanga unaorudi kwa aliyeuleta. Dirisha huupitisha. Ndiyo sababu napendelea pakiti zinazokubali kuwa karatasi, zinazotumia njano iliyochujuka na buluu nzito na kuuacha mstari mweusi ufanye kazi yake ya zamani.

Nilipata kusahau pakiti barazani usiku wa mvua. Asubuhi nilikuta karata zimevimba. Nilimshika mfalme wa kopa kwa ukucha kwenye kona, nikavuta taratibu, na akafunguka kati kwa kati: uso mkono wa kulia, mgongo mkono wa kushoto, na juu ya zote mbili utando wa gundi ya kijivu iliyoiva kuwa nyeusi. Niliiinua ile karatasi ya uso mbele ya dirisha. Wekundu wa joho lake ukawaka.